Shajara ya mradi wa chavua, Pemba: kutoka ua mpaka chupa

Mizinga ya nyuki kumi na miwili, sehemu tatu, ya kukusanyia chavua, ule unga wa maua. Mitano iko kwenye maweni karibu na mikoko upande wa Micheweni, minne ndani ya mikarafuu nyuma ya Wete, mitatu penye minazi na bonde la mpunga upande wa Mtambile. Kazi imeanzia kwenye lebo. Wanunuzi wa Unguja wanataka chupa iliyoandikwa "chavua ya karafuu", na chini yake kiwango cha protini. Kabla ya kuandika lolote kati ya hayo mawili, sharti ijulikane nyuki wanachota wapi, mwezi gani, na chupani kunaingia nini hasa.

8 Juni. Mitego

Mtego wa chavua ni kitu chepesi. Bati lenye tundu linawekwa mlangoni mwa mzinga, nyuki anaporudi anapita kwa kujibana, na yale madonge mawili ya chavua aliyoyabeba kwenye miguu ya nyuma yanakwaruzwa na kudondoka. Chini ya bati pana wavu wa waya wenye macho ya milimita 3.5: donge linapita, nyuki hapiti, kwa hiyo hawezi kulirudia. Chini ya wavu ndipo pana chano.

Sakafu ya chano ni kitambaa cha nailoni kilichowambwa, si ubao. Donge bichi lina maji asilimia 20 hadi 30, na likilala juu ya ubao linatoa jasho, linashikana na mengine, na asubuhi ya pili limeota ukungu. Paa la mtego limetokeza sentimita 8 mbele kwa ajili ya mvua. Miguu ya vichanja imesimamishwa kwenye makopo yenye mafuta machafu. Bila hivyo sisimizi wanakibeba chano chote usiku mmoja.

Kila mtego una njia ya madume: kipande cha bomba cha milimita 10, kinaanzia ndani ya mzinga na kutokea kona ya juu. Dume hapiti kwenye tundu la mtego. Asipopewa njia anafia mlangoni, na mizoga kumi tu inatosha kuziba hewa.

Mizinga ya magogo haikuingizwa kwenye mradi. Midomo yake haifanani, mtego haukai sawasawa, na nyuki wanapata upenyo pembeni.

15 Juni. Tundu la milimita 5 halifai hapa

Chano karibu vitupu. Nyuki wanaingia na madonge yao kama kawaida, unayaona kwa macho yakipita.

Vipimo vya mitego mingi ya dukani vimetengenezwa kwa nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu wa mwambao, Apis mellifera litorea, ni mdogo kuliko yule, na tundu la milimita 5 kwake ni mlango mpana. Mabati mapya yametobolewa kwa keekee ya milimita 4.5 na mavuno yamebadilika siku hiyohiyo. Ukishuka chini ya hapo nyuki wanasongamana nje, wanaanza kulala mlangoni, na nyuki wa mwambao akikerwa hakuvumilii: anahama.

Jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau ni msasa. Tundu lililotobolewa upande mmoja linaacha makali upande wa pili, na makali hayo yanachana mabawa. Pigeni msasa pande zote mbili, kisha pitisheni kidole, kikikwaruzika, rudieni.

Ratiba: bati linawekwa siku mbili, linaondolewa siku tano. Fremu ya mtego inabaki mahali pake ili nyuki wasipotee mlango, kinachotoka ni bati tu. Sababu ni hesabu ya majana, yaani watoto wa nyuki walio masegani. Kulea jana mmoja kunahitaji chavua ya miligramu 125 hadi 145, maana yake kila kilo inayochukuliwa ni chakula cha majana elfu saba hadi elfu nane hivi. Chavua ikipungua ndani ya mzinga, nyuki walezi hula mayai na majana wadogo. Kwa hiyo kabla ya kurudisha bati, fungueni mzinga mtazame duara la majana: likiwa na matundu matundu katikati, mzinga huo unapumzika wiki hiyo.

22 Juni. Maktaba ya vioo

Huwezi kuitambua chavua ya mtegoni usipokuwa na chavua uliyoitoa mwenyewe kwenye ua unalolijua. Kazi ya wiki mbili hizi ni kuzunguka kila kichanja, kukusanya matumba yanayokaribia kufunguka, na kutengeneza kioo kimoja kimoja cha hadubini.

Utaratibu: tumba linaachwa lifunguke ndani ya bahasha ya karatasi, usiku mmoja. Chavulio, kile kifuko cha chavua ndani ya ua, linagongwa juu ya kioo, linadondoshewa spiriti ili mafuta ya nje ya punje yaondoke, linaachwa likauke. Kisha kipande cha jeli chenye ukubwa wa punje ya mchele kinawekwa juu, kioo kinapashwa moto kidogo, kinafunikwa. Jeli ni jelatini gramu 10 iliyolowekwa saa mbili kwenye maji mililita 50, gliserini mililita 60, na chembe chache za rangi ya fuksini. Yote yanayeyushwa kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji moto, kama nyuzi 60. Ikichemka, jelatini inapoteza nguvu na kioo hakigandi.

Kosa la mara kwa mara ni fuksini nyingi. Punje zinakuwa nyekundu tii na mistari ya ukuta wake haionekani. Jeli iwe na rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa, isizidi.

Vioo vilivyokamilika hadi leo: mnazi, mahindi, mpunga, mpera, mzambarau, mtufaa, mwembe, mkungu, mvinje, mlonge, kifauongo, kishona nguo, mkoko, mkandaa. Mkarafuu bado.

3 Julai. Kuchambua kwa rangi

Kutoka kila chano tunachanganya vizuri, tunapima gramu 20, tunamwaga juu ya karatasi nyeupe chini ya mwanga wa dirisha, na kutenga madonge kwa kibano. Donge moja lina uzito wa miligramu 7 au 8, kwa hiyo gramu 20 ni madonge elfu mbili na mia tano hivi. Mtu mmoja hachambui sampuli zaidi ya mbili kwa siku. Baada ya hapo jicho linaanza kudanganya, kila cha njano kinakuwa kimoja.

Kinachoiwezesha kazi hii ni tabia ya nyuki mwenyewe. Safari moja, aina moja ya ua. Ndiyo maana donge moja kwa kawaida ni mmea mmoja, na uzito wa kila rangi unakaribia kuwa uzito wa kila mmea. Unakaribia tu. Rangi peke yake haitoshi hata kidogo. Krimu ya mnazi na krimu ya mpera zimelala pamoja kwenye fungu moja na jicho halioni tofauti mpaka hadubini. Na donge hilohilo la mnazi linakuwa jeusijeusi likishaloana na nekta au likikaa siku mbili chanoni.

Kwa hiyo rangi ni ya kugawa mafungu, hadubini ni ya kutaja jina. Kutoka kila fungu yanachukuliwa madonge kumi, yanayeyushwa kwenye maji, yanatazamwa.

10 Julai

Mvua siku tatu. Mabati yote yameondolewa mitegoni. Chavua iliyoloa haikaushwi, inamwagwa.

21 Julai. Walioonekana

Mtambile: mnazi ndiye mwenye nyumba. Hili lilitarajiwa. Mnazi mmoja hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na ndani ya karara maua dume ni maelfu, yanafunguka kuanzia ncha za vijiti kwenda chini kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Katika shamba la minazi hakuna siku isiyokuwa na karara lililo wazi. Punje yake ni ndefu, imechongoka kama ngalawa, ina mfereji mmoja wa urefu wote. Ukishaiona mara moja huisahau. Wafugaji wanaozungumzia "msimu wa njaa" wa kipupwe wakahesabu kwanza minazi iliyo ndani ya kilomita moja ya mzinga.

Mahindi yaliyochelewa kupandwa yamejitokeza kwa nguvu kwa siku chache, kisha basi. Punje ya mahindi ni mviringo, laini, ina kitundu kimoja chenye kifuniko, na ni kubwa: mikroni 80 na zaidi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Nyuki huichota asubuhi tu, umande ukikauka. Mpunga tumeupata kidogo, nao ni wa saa chache: ua la mpunga hufunguka kabla ya adhuhuri na kujifunga. Anayeweka bati adhuhuri ameshachelewa kwa mimea yote miwili.

Micheweni: kifauongo. Ule mmea mdogo wa miiba unaokunja majani ukiguswa, ambao mkulima anaulaani, ndio unaojaza chano za maweni mwezi huu. Punje zake ni ndogo ajabu, zimeshikana nne nne.

Hapa pana mtego wa kihesabu ambao umewaponza wengi. Ukihesabu punje 500 kwenye kioo na 450 zikawa za kifauongo, si kweli kwamba asilimia 90 ya chakula ni kifauongo. Ujazo unakwenda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo: punje yenye kipenyo cha mikroni 80 ina ujazo wa punje 512 zenye mikroni 10. Punje moja ya mahindi uliyoipuuza pembeni ya kioo inazidi mamia ya zile ndogo kwa uzito. Ndiyo maana tunaanza na mizani na madonge, na punje zinahesabiwa ndani ya fungu tu.

Wasioonekana nao wana maana. Maboga na bamia yanachanua kila uwanja, nyuki wanaingia na kutoka wamejaa unga mwilini, lakini chanoni hakuna kitu. Punje zake ni kubwa mno, zina miiba, na hazipakiki kwenye kikapu cha mguu. Mwembe nao umechanua vizuri lakini kwa nyuki ni nekta zaidi kuliko chavua. Katika kila ua, stameni (viungo vya kiume vya ua) zenye chavulio hai ni moja au mbili tu.

9 Agosti. Suala la karafuu

Mnunuzi ameuliza tena. Jibu lake liko shambani, halihitaji maabara.

Karafuu ni tumba. Huchumwa likishajaa na kuanza kuona wekundu, kabla kile kikofia cha juu hakijadondoka. Stameni na chavua yake zimekunjwa chini ya kikofia hicho. Mchumaji akifika kwa wakati, ua halikufunguka na nyuki hakupata kitu. Akichelewa, stameni zinachomoza kama brashi, nyuki wanajaa, na karafuu imeshapoteza daraja. Kwa maneno mengine, shamba linalotunzwa vizuri kabisa ndilo linalotoa chavua kidogo kabisa. Chavua ya karafuu hupatikana kwenye vishada vya kilele visivyofikiwa na ngazi, na kwenye mashamba ambayo warithi bado hawajaelewana.

Sampuli za Wete zimepimwa. Fungu la krimu lina punje ndogo za pembe tatu, kila pembe na kitundu chake, mistari mitatu inakutana katikati. Hiyo ni sura ya jamii nzima ya Myrtaceae. Mkarafuu, mzambarau na mtufaa zote ni jenasi moja, Syzygium. Mpera ni binamu yao wa karibu, na mkalitusi vilevile. Kwa hadubini ya mwanga ya ukuzaji wa mara 400 tuliyonayo, mzambarau na mkarafuu hazitenganishiki kwa uhakika. Kioo cha mkarafuu kiliwekwa pembeni ya kioo cha mzambarau, majina yakafunikwa, na watu watatu wakashindwa kusema kipi ni kipi.

Kilichobaki ni kutembea. Asubuhi mbili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kila mti wa jamii hiyo ndani ya mita 500 ulitazamwa kwa dakika tano. Mikarafuu: maua wazi machache ya kileleni. Mipera ya uani: wazi, nyuki juu yake. Uamuzi: kwenye daftari linaandikwa "jamii ya mpera, mzambarau na mkarafuu", na maneno "chavua ya karafuu" hayataandikwa kwenye chupa ya mradi huu. Anayeyataka atafute mtu mwingine wa kumwandikia.

Jina la mmea mmoja kwenye lebo tumelifunga kwa sharti: fungu la mmea huo lifike asilimia 80 ya uzito. Mpaka sasa ni mnazi wa Mtambile tu uliokaribia.

20 Agosti. Kukausha, na fungu lililoharibika

Kaushio ni sanduku la mbao lenye bati jeusi chini ya kioo, hewa inaingia chini, inapita kwenye chano nne za nailoni, inatoka kwa bomba la juu. Chavua haioni jua moja kwa moja, kwa sababu mwanga unaiua karotini, ile rangi ya machungwa, na donge la machungwa linageuka la majani makavu. Unene kwenye chano ni sentimita 1, na joto halipandi juu ya nyuzi 40. Saa saba mchana bila wingu sanduku linafika 50 kwa urahisi, kwa hiyo kipimajoto kinaning'inia chano ya juu na kifuniko cha pembeni kinafunguliwa kwa mkono.

Kwa nini lisikaushwe barazani tu? Hewa yetu ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ina nafasi ndogo tu ya kubeba maji zaidi. Hewa hiyohiyo ikipashwa kufika nyuzi 40, unyevu wake unashuka hadi asilimia 41 hivi, na hapo inaanza kunyonya.

Fungu la tarehe 16 liliachwa ndani ya sanduku usiku. Jua lilipozama hewa ya bahari iliingia kwa matundu yaleyale na chavua iliyokuwa karibu kukauka ikaanza kurudisha maji. Asubuhi madonge yalikuwa laini, siku ya pili yana harufu ya chachu. Limetupwa lote. Tangu hapo, saa kumi na moja jioni chano zinamwagwa ndani ya ndoo zenye mfuniko wa mpira, asubuhi zinarudi.

Lengo ni maji asilimia 6, na 8 ndiyo mwisho. Kilo moja mbichi yenye maji asilimia 25 ina kavu gramu 750. Ikifika asilimia 6 inatakiwa kubaki gramu 798. Hivyo mizani ya jikoni inatosha kukuambia umefika wapi, mradi unyevu wa mwanzo ulipimwa. Kuupima, msitumie oveni ya nyuzi 105 kama ya nafaka: sukari ya chavua inaanza kuungua, uzito unapotea, nanyi mnadhani ni maji. Taa ya kipimaunyevu imewekwa nyuzi 85.

Dalili ya mkononi: bana donge kati ya vidole. Likibonyea, bado. Likipasuka kwa kulia, tayari.

Baada ya kukauka linapepetwa kwenye ungo kuondoa mabawa na miguu ya nyuki, linachekechwa kwa chekecheo la milimita 1 kuondoa vumbi, kisha siku mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ili mayai ya nondo wa nta yafe. Likitoka kwenye friza chupa isifunguliwe mpaka ifikie joto la chumba. Ikifunguliwa ikiwa baridi, umande unaingia na kazi yote ya jua imepotea.

6 Septemba. Ndani ya donge mna nini

Viwango vinavyokubalika kwa chavua kavu ya nyuki duniani ni vipana: protini asilimia 10 hadi 40, wanga na sukari 13 hadi 55, mafuta 1 hadi 13, nyuzinyuzi chini ya 1 hadi 20, majivu ya madini 2 hadi 6. Upana huo ni tofauti ya mimea yenyewe, wala si uzembe wa wapimaji. Chavua ya mahindi ina protini ya asilimia 15 hivi, na alizeti nayo iko chini hapo hapo. Mikalitusi mingi hupita 20 lakini mafuta yake ni haba. Anayechapisha tarakimu moja ya protini na kuibandika kwenye chupa za mwaka mzima anauza tarakimu, hauzi chavua.

Sukari nyingi iliyomo haikutoka kwenye chavua. Nyuki huilowanisha kwa nekta au asali ili donge lishikane. Ndiyo maana chavua iliyogongwa kwa mkono kutoka kwenye ua huonyesha protini kubwa kuliko donge la mmea uleule. Takwimu za mimea zilizopimwa bila nyuki zisihamishiwe kwenye lebo.

Kuna njia mbili ambazo tarakimu ya protini hupanda bila chakula kuongezeka. Ya kwanza ni kuzidisha. Maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha: wengine kwa 6.25 kama vyakula vingine, wengine kwa 5.6 inayofaa zaidi kwa chavua. Naitrojeni ya asilimia 4 inakuwa protini 25 kwa kipimo cha kwanza na 22.4 kwa cha pili, kutoka sampuli moja. Njia ya pili ni maji: asilimia 20 ya kavu ni asilimia 15 tu ya bichi yenye maji asilimia 25. Ripoti tutakayopokea iseme mambo yote mawili, la sivyo haiingii kwenye jalada.

Madini: potasiamu inaongoza kwa mbali, inafuatwa na fosforasi, kisha kalsiamu na magnesiamu, zinki, chuma, manganizi na shaba kwa uchache. Vitamini: za kundi B zimo, hasa niasini, nayo E. C huwemo kwenye mbichi na hupungua kwa kukausha na kuweka. Karotini ni suala la mmea: donge la machungwa linayo, la krimu au kijivu karibu halina, kwa hiyo chupa ya mnazi mtupu isiuzwe kwa sifa ya vitamini A. B12 isitajwe, chavua si mahali pa kuitegemea.

Na kipimo cha kijiko. Gramu 10 zenye protini asilimia 20 ni protini gramu 2. Yai moja lina gramu 6. Chavua ni nyongeza nzuri ya mezani, lakini mtoto anayehitaji protini apewe yai, dagaa na kunde.

19 Septemba. Asidi amino

Kwa nyuki wenyewe jumla ya protini si hadithi yote. Mtafiti De Groot mwaka 1953 alionyesha asidi amino kumi (vipande vinavyojenga protini) ambazo nyuki hawezi kuishi bila kuzila: arginini, histidini, lisini, triptofani, fenilalanini, methionini, threonini, leusini, isoleusini na valini. Isoleusini inatakiwa ifike sehemu 4 katika kila 100 za protini. Mikalitusi kadhaa haifiki, na mzinga uliozungukwa na mikalitusi mitupu hudhoofu huku chavua imejaa masegani.

Kwa hiyo mizinga miwili ya Wete iliyokuwa ikifikiriwa kuhamishiwa kwenye shamba la mikalitusi haihami. Magugu ya kishona nguo na kifauongo yaliyoko kando ya vichanja yasifyekwe yote. Yafyekwe nusu, yakichanua tena ndipo nusu nyingine.

4 Oktoba. Mikoko

Micheweni imebadilika. Kifauongo kimekauka na madonge madogo ya njano hafifu yamejaa, ni ya mkoko wenyewe. Mti huo chavua yake huenda zaidi na upepo, lakini nyuki mwenye majana hajali. Mlilana, aina nyingine ya mikoko, hufungua usiku kwa ajili ya popo na nondo. Stameni zake nyeupe zinakuwa zimeanguka majini kabla jua halijapanda, na nyuki anayewahi alfajiri ndiye anayepata. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, bado matumba yamefumba.

Chavua ya siku za upepo wa bahari ina ladha ya chumvi na inakauka polepole. Chumvi inanyonya unyevu. Mitego miwili ya mbele imerudishwa nyuma ya kichaka, mita 40 kutoka maji yanapofika bamvua.

18 Oktoba. Marejea

Bondeni kumepandwa marejea kwa ajili ya kurutubisha udongo. Marejea ni Crotalaria, na Crotalaria ina alkaloidi za pirolizidini, sumu zinazodhuru ini, nazo hupita mpaka kwenye chavua. Ulaya kikomo chake kwa chavua ni mikrogramu 500 kwa kilo. Kukausha hakuziondoi. Marejea yakichanua, mizinga ya Mtambile haiwekwi bati hata siku moja, na chavua iliyokwisha kushikwa wiki hiyo haichanganywi na nyingine kwa hoja ya "kidogo hakitadhuru".

2 Novemba. Lebo

Chupa za kioo cha rangi, zimejazwa hadi shingoni, mfuniko una mpira. Mifuko myembamba ya plastiki ilijaribiwa na ikapitisha unyevu ndani ya mwezi.

Maandishi yaliyokubaliwa kwa fungu la kwanza: "Chavua ya nyuki, Mtambile, Pemba. Ilikusanywa Julai na Agosti. Zaidi mnazi, pia mahindi na jamii ya mpera. Maji si zaidi ya asilimia 8. Anza kwa punje chache. Ukiwashwa, ukivimba au ukibanwa pumzi, acha na uende hospitali. Asipewe mtoto mchanga." Nafasi ya protini imeachwa wazi hadi ripoti ya fungu hilohilo ifike, na ikifika itaandikwa pamoja na kizidisho kilichotumika.

Kwa wanaouliza namna ya kula: kijiko kiloweke kwenye maji au maziwa usiku. Donge linafumuka, ingawa ukuta wa nje wa punje ni mgumu na tumbo halimalizi kila kilichomo.

Kazi zilizo mkononi: kioo cha mchu mara matumba yakifunguka, mabati manne yanahitaji msasa upya, kutu imeanza, mzinga wa tatu wa Micheweni una matundu kwenye majana na hautawekwa bati mpaka Desemba.